Mbwa Aliyelazwa Juu ya Ngozi ya Baba

Mbwa wetu alikuwa na miguu mifupi mno, hata bibi alipomwona mara ya kwanza aliuliza ni nani aliyemkata. Hakuwa akitania. Bibi, mama yake baba, hakuwa mtu wa utani asubuhi kabla hajapata ugoro wake. Alimzunguka yule mtoto wa mbwa pale uani, akainama kumtazama tumbo lililokaribia kugusa ardhi, kisha akamgeukia baba. "Nilikutuma mbwa," alisema, "umeniletea mjusi."

Huo ulikuwa wakati wa Wadachi, ndivyo tulivyowaita Wajerumani. Reli ilikuwa bado mpya, na sisi tulikaa kwenye tembe letu upande wa Zuzu, magharibi ya Dodoma. Kiangazi baba alifanya kazi ya reli, kushindilia kokoto chini ya mataruma. Mzungu aliyewasimamia alikuwa na mbwa jike wa kwao, mrefu wa mwili, mfupi wa miguu, masikio ya kuning'inia, aliyefundishwa kunusa njia ya mnyama na kumfuata hata shimoni. Jike huyo alizaa, na Mzungu hakuwataka watoto wote. Mpishi wake akamwambia baba aje achague mmoja kabla wengine hawajatoswa kwenye pipa la maji.

Nilikwenda naye. Nilikuwa msichana wa kuchunga ndama, si wa kuolewa, na nilidhani kuchagua mbwa ni kuchagua aliye mzuri. Nilimtaka mweusi, mnene, aliyekuwa akiwakanyaga wenzake. Baba alinicheka. Alitoa kipande cha nyama kavu kwenye mkunjo wa nguo yake, akakiburuta mchangani, akazunguka nyuma ya pipa, akakatiza kwenye lundo la mataruma, kisha akakifukia chini ya kokoto. Halafu akawaweka wale watoto pale alipoanzia. Mweusi alilala. Wengine wakaanza kung'atana masikio. Mmoja wa rangi ya udongo, mdogo kuliko wote, aliweka pua chini akaenda taratibu palepale nyama ilipopita, kila kona, bila kukata njia. Alipofika kwenye kokoto alikaa chini akalia.

"Huyu," baba alisema. "Yule wako mweusi kazi yake itakuwa kula. Huyu atatafuta."

Baadaye, vita vilipokuja, nilimlaani yule mdogo usiku na mchana, nikatamani tungemchukua mweusi mlafi.

Nyumbani kwetu mnyama mpya, awe ndama wa mahari au mbwa, hulazwa kwanza juu ya ngozi ya mwenye nyumba ili ajue yeye ni wa nani. Baba aliitoa ngozi ya ng'ombe aliyoilalia tangu ujana wake, imekolea mafuta na jasho na moshi, akaitandika karibu na mafiga. Mbwa aliizunguka, akajikunja katikati yake, akalala. Tangu hapo alikuwa mbwa wa baba. Sisi wengine tulikuwa watu wa kumpa chakula tu.

Na kazi ya kumtunza ilikuwa yangu, wala haikuwa ndogo. Mbwa wetu wa kawaida walilala zizini, wakajitafutia. Huyu asingeweza, fisi angembeba kama kifurushi. Alilala ndani. Kila jioni nilimlaza chali nikamtoa funza kwenye vidole kwa mwiba, kisha nikamchambua kupe waliojificha kwenye mikunjo ya masikio. Masikio yenyewe yaliburuta kwenye nyasi yakarudi yamejaa miiba na mbigili, nami niliyafuta kwa mafuta ya nyonyo yasije yakaoza. Mpishi wa Mzungu alikuwa amemwonya baba kwamba mgongo mrefu namna ile huvunjika upesi, basi ilinibidi nimzuie asipande juu ya paa la tembe tulikoanika mtama, maana kupanda alijua lakini kushuka aliruka. Alikula ugali wa uwele na maziwa ya mgando, na kama ungemwachia angekula mpaka apasuke. Nilimpigia kelele mchana kutwa. Mama alisema nilikuwa nimezaa kabla ya wakati wangu.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama, alimshika mkia akasimama naye. Hivyo ndivyo alivyojifunza kutembea, nyuma ya mbwa.

Pua ya mbwa huyo ilikuwa balaa. Alimfuata baba popote. Baba akienda kunywa pombe kwa majirani na kumwambia mama kwamba anakwenda kutazama ng'ombe, mama alimfungua mbwa tu, akajifunga nguo vizuri, akamfuata polepole. Mbwa huyo hakujua kunyamaza akishika harufu. Alikuwa na sauti mbili. Moja ya kubweka, kama ya mbwa yeyote. Nyingine ilimtoka pua ikiwa chini, ndefu, ya kuita, na ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Wanywaji wakiisikia walimwambia baba, "Haya, mwenzetu, mkeo ameshashika njia," naye alikunywa upesi kilichobaki kibuyuni. Tulicheka sana wakati ule.

Kisha Wazungu wakaanza kupigana wao kwa wao, na vita vyao vikahitaji vichwa vya watu vya kubebea mizigo.

Askari walikuja na jumbe, wakachukua wanaume. Waliwafunga kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwenzake, wasitoroke kabla ya kufika stesheni. Baba mdogo, ndugu yake baba wa tumbo moja, alichukuliwa akiwa anakamua. Maziwa aliyaacha kwenye kibuyu, na bibi hakuruhusu mtu yeyote ayanywe mpaka yakaoza. Habari zilizorudi zilikuwa za watu kufa njiani kwa kuhara, kufa kwa njaa chini ya mizigo ya risasi, kuachwa porini. Baba mdogo hakurudi. Sitaki kuandika mengi juu yake. Mimi ni mzee sasa lakini lile zizi bado sijaacha kuliona.

Baba akaingia mlimani. Ukisimama mlangoni kwetu uliuona mlima wenyewe, mawe makubwa yaliyolaliana, mapango na mianya. Alikwenda asubuhi na mapema katikati ya ng'ombe wetu, ameinama, nami nikiwaswaga nyuma ili kwato zifute nyayo zake. Mama naye akamwendea jumbe analia, akasema mumewe amefia safarini Mlali alikokwenda kutafuta mtama, na wenzake wamemzika hukohuko.

Uongo wa namna hiyo hauishii mdomoni. Mtu akifa lazima aliliwe. Tulinyoa nywele, mimi na mama na bibi, na mdogo wangu pia. Majirani walikuja wakalala kwetu, wakatuletea unga. Bibi alitakiwa aomboleze mtoto wake aliye hai, mlima ukiwa mbele ya macho yake, na aliomboleza mpaka sauti ikakatika. Hakuwa akiigiza. Aliniambia baadaye, akinishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma, "Tunakiita kifo kwa jina la mwanangu. Kikija je?" Nilishikwa na hofu ambayo sikuwa nimeijua. Mpaka siku hiyo nilikuwa nikiogopa askari tu.

Na katika nyumba yote iliyokuwa ikilia, mmoja hakukubali msiba. Mbwa alitoka nje kila asubuhi, akaweka pua chini, akazunguka zizi, akaipata njia ya ng'ombe, akaanza ile sauti yake ndefu, uso umeelekea mlimani.

Mara ya kwanza nilimkimbilia nikamwangukia kwa tumbo. Nilimbeba nyumbani nimemziba mdomo kwa kiganja, moyo wangu unapiga kuliko wake. Majirani walikuwa bado wamekaa uani kwetu kwa matanga. Mmoja alisema, "Maskini, anamtafuta bwana wake." Mama alijibu kwamba mbwa hana akili. Tulimfunga kwa kamba ndani, akalia kutwa nzima mpaka watu wakauliza ana nini. Kumfungua ilikuwa hatari, kumfunga ilikuwa hatari. Kumuua mbwa, mama alikataa. Alisema mbwa wa marehemu akiuawa siku za matanga, kila mtu atajiuliza kwa nini, na wa kwanza kujiuliza atakuwa jumbe.

Kulikuwa na jambo jingine. Miongoni mwa askari waliozunguka na jumbe alikuwako mmoja aliyewahi kulinda nyumba ya yule Mzungu wa reli. Alimjua mama wa mbwa wetu. Alijua pua ile ni ya kazi gani. Alipita siku moja barabarani, akamwona mbwa wetu mlangoni, akasimama akamtazama kwa muda mrefu, kisha akaenda zake. Mama alikuwa anatwanga. Hakuacha kutwanga mpaka askari alipopotea machoni, ndipo akaweka mchi chini akakaa.

Jioni ile mama alimwomba bibi kibuyu chake cha ugoro.

Aliichukua ngozi ya baba, akaniambia nimshike mbwa. Mbwa aliiona ngozi akafurahi, akatikisa mwili wote kama walivyo mbwa warefu, akainamisha pua kuinusa. Pua ilipogusa ngozi, mama alimpulizia ugoro ndani ya matundu yake kwa unyasi wa mtama, akampiga kofi la mdomo. Mbwa alilia kama mtoto. Alipiga chafya mpaka akaanguka, macho yakatiririka, akaja kujificha mapajani mwangu, mimi niliyekuwa nimemshika. Mama alisubiri atulie. Kisha akailaza ngozi mbele yake tena.

Tulifanya hivyo asubuhi na jioni. Ugoro ulikuwa adimu, vita vimefunga njia za wachuuzi wa Kondoa, na bibi alikuwa mtu wa kugombana na mawe akiukosa. Aliutoa wote. Aliketi kwenye kigoda chake, pua kavu, anatazama. Mimi niliosha macho ya mbwa kwa maziwa kila tulipomaliza, nikampa kitu mdomoni, nikamwambia maneno ya upuuzi masikioni. Nilimchukia mama siku zile. Nilimwogopa pia, kwa sababu hakukosea tundu hata mara moja.

Upande wa pili wa mafiga, kazi kama hiyo iliendelea kwa mdogo wangu. Alikuwa ameshaanza kusema, na alisema jambo moja tu kwa kila mgeni, kwamba baba atakuja. Nyumbani tulizungumza Kigogo, lakini askari wangeuliza kwa Kiswahili, basi mama, aliyekiokota stesheni akiuza maziwa, alimfundisha kwa Kiswahili. "Baba yuko wapi?" Mtoto akijibu vizuri, bibi alimtilia karanga kiganjani. Akikosea, alifinywa. "Baba amekufa," ndiyo maneno ya kwanza ya Kiswahili aliyoyajua ndugu yangu. Aliyasema vizuri, kwa furaha, huku amenyoosha mkono.

Chakula cha baba nilipeleka mimi. Nilikwenda na ng'ombe, nikaacha kibuyu kwenye mwanya wa jiwe, nikachukua kitupu cha siku iliyopita. Sikumwona kamwe. Nilijua yuko hai kwa sababu kibuyu kilikuwa kitupu na kimefutwa kwa majani, kama alivyofanya siku zote. Nilikuwa nikikinusa. Nami pia nilikuwa na pua.

Walikuja mchana, jua kali, jumbe na askari wawili, yule wa reli akiwa mbele. Mama aliwakaribisha, akawapa vigoda. Mimi nilisimama karibu na mlango. Yule askari alimwita mdogo wangu, akamweka kati ya magoti yake, akachekacheka naye.

"Baba yuko wapi, bwana mdogo?"

"Baba amekufa," ndugu yangu alisema, akanyoosha kiganja.

Askari alicheka, akamtazama jumbe. Mimi nilikiona kile kiganja kilichonyooshwa nikajua kwamba akiuliza mtoto anadai nini tumekwisha. Hakuuliza. Alimwinua mtoto akamweka pembeni.

"Mama," alisema, "nipe kitu cha marehemu. Nguo aliyovaa, au ngozi aliyolalia."

Mama hangeweza kusema ameichoma. Vitu vya marehemu havichomwi, hungoja kugawiwa ndugu matanga yakiisha, na jumbe alilijua hilo kama sisi. Aliingia ndani akatoka na ngozi. Alimkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu. Askari akamshika mbwa shingoni, akampitishia kamba, akaitupa ngozi chini mbele yake.

"Haya. Mtafute bwana wako."

Nilitazama mlima. Nilijikaza nisiutazame, lakini niliutazama. Kama yule askari angekuwa ananiangalia mimi badala ya mbwa, angekwenda moja kwa moja. Mbwa aliinamisha kichwa. Niliona pua yake ikifanya kazi, mbawa zake zikifunguka na kujifunga. Nilingoja ile sauti ndefu. Hata leo nikisikia mbwa anavuta pumzi kabla ya kubweka, mwili wangu wote hungoja.

Mbwa alianza kutetemeka. Masikio yalilala, tumbo likagusa ardhi, mkojo ukamtoka palepale juu ya vumbi. Akajivuta kinyumenyume mpaka kamba ikakaza, akaisokota shingo, akaponyoka, akaingia chini ya kigoda cha bibi. Hapo alilia, sauti ndogo sana, meno yanagongana.

Jumbe ndiye aliyesimama kwanza. Alitema mate pembeni, akarudi nyuma hatua, macho yake yakiwa kwenye ile ngozi.

"Umeona?" alimwambia askari. "Mbwa hamkimbii bwana wake aliye hai. Ananusa maiti hapo. Usiiguse tena ngozi ya watu."

Askari alijifuta mikono kwenye suruali yake. Alikuwa mtu wa bunduki, lakini alijifuta mara mbili. Walichukua mbuzi mmoja, wakasema watarudi, wakaenda zao. Hawakurudi.

Tulikuwa tumeshinda, na nilimgeukia bibi nikitaka kucheka. Bibi alikuwa amejifunika uso. "Umesikia alivyosema jumbe?" aliuliza. Nikamwambia, bibi, ni ugoro, wewe mwenyewe uliutoa. Akatikisa kichwa. Kwamba ugoro ni wake alilijua, na bado alimwamini mbwa. Usiniulize inawezekanaje. Mwenye hofu huamini mambo mawili yasiyokaa pamoja.

Kesho yake nilipeleka kibuyu. Cha jana kilikuwa palepale kwenye mwanya, kimejaa, siafu wamekiingia.

Niliita, kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa. Mawe yalinijibu. Nilirudi nikamwambia mama, naye aliendelea kupepeta mtama. Kesho yake nilikuta hivyohivyo, na siku zilizofuata, mpaka nikaacha kwenda. Huenda alikuwa ameona askari wakiingia kwetu akahama. Huenda chui. Huenda tulikuwa tumelia vizuri mno. Hatukuwa na wa kumuuliza, kwa sababu kwa kila mtu baba alikuwa ameshakufa na kuzikwa Mlali. Matanga yaliisha. Ndugu walikuja kugawana vitu, na ngozi hakuitaka mtu. Nywele zetu zilianza kuota tena, nami kila nilipojishika kichwa nilijiuliza kama sasa msiba ni wa kweli au bado ni wa uongo. Mvua zilinyesha, mtama ukaota, na mimi niliendelea kumtoa funza mbwa ambaye hakutaka tena kuweka pua chini. Alitembea ameinua kichwa, kama mbwa mwingine yeyote mjinga. Usiku mama hakuwa akilala, nilimsikia akigeuka.

Kiangazi kilichofuata Wadachi waliondoka Dodoma mbio, na Wazungu wengine wakaingia. Watu walianza kutoka vichakani, wamekonda, ndevu zimewajaa. Mama hakwenda barabarani kutazama kama wanawake wengine. Angekwendaje? Alikuwa mjane.

Alasiri moja mtu alisimama mlangoni akasema, "Mbukwa," kama mgeni yeyote anayebisha hodi kwetu. Nguo yake ilikuwa majani na magunia. Alikuwa amekimbilia mbali, upande wa Kondoa, akawachungia watu mbuzi wao, akiogopa hata kutuma salamu. Hayo alitueleza baadaye. Wakati ule hakuna aliyemuuliza kitu. Mama alishika nguzo ya mlango. Bibi alimwendea akapiga magoti, yeye mama mtu, akamshika miguu, akaibonyezabonyeza nyama mpaka magotini kuona kama ni ya mtu. Mimi nililia mpaka nikapata kwikwi.

Baba alimwona mbwa karibu na mafiga. Alichuchumaa, akapiga ulimi kinywani kama alivyokuwa akimwita zamani, akamnyooshea mkono. Mbwa alikuja, masikio juu, akainusa mikono yake. Kisha masikio yakalala. Alikojoa pale alipokuwa, akajivuta kinyumenyume, akaingia chini ya kigoda.

"Mmemfanya nini?" baba aliuliza.

Mama aliinama akachochea moto. Baba aliuacha mkono wake hewani kidogo, halafu akaurudisha gotini. Ndipo akamwona ndugu yangu, aliyekuwa amesimama nyuma ya bibi, amekua, ana meno yote. Baba alijaribu kutabasamu. Alimsemesha Kiswahili cha reli, kwa mchezo, kama wanaume wanavyowasemesha watoto wakubwa.

"Na wewe, bwana mdogo? Baba yuko wapi?"

Mtoto alimtazama bibi, akasogea mbele.

"Baba amekufa," alisema vizuri, kwa furaha, na akanyoosha kiganja apewe karanga zake.